Mashine ya picha ipo, msomaji wa picha yuko wapi?

Leo naomba tuongee kuhusu tumbo. Najua wengine mmelipia nusu saa tu hapo kafe na mna mambo yenu, lakini hili vumilieni kidogo, maana tumbo kila mtu analo.

Kila baada ya muda tunaona kitu kile kile kwenye habari. Kiongozi na mkasi, utepe umekatwa, nyuma yake mashine kubwa nyeupe yenye tundu katikati kama tairi lililosimamishwa. Makofi, ngoma, na kesho yake tunasoma kwamba wananchi hawatasafiri tena kufuata kipimo. Mi sina ugomvi na mashine. Swali langu ni jingine: ile picha nani anaisoma saa nane usiku? Na akishaisoma, mgonjwa anafanyiwa nini?

Tuanze na haki, tusije tukaitwa wapinga maendeleo. Septemba 2021 Shirika la Fedha Duniani, IMF, liliidhinishia Tanzania dola milioni 567.25 za kukabiliana na uviko. Kwa hela yetu ndo ile trilioni 1.3 ambayo Rais Samia alizindua matumizi yake pale Dodoma Oktoba 2021. Wengi tunaikumbuka kwa madarasa, ila fungu lake jingine lilikwenda afya, na humo zikanunuliwa CT skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Zamani mtu wa mkoani akiambiwa "kapige CT", mara nyingi maana yake ilikuwa tiketi ya basi, nyumba ya kufikia na mtu wa kumsindikiza. Kwa hiyo hiyo ni hatua, na anayebeza hajawahi kusafirisha mgonjwa.

Sasa twende kwenye tumbo lenyewe. Shida yake ni kwamba magonjwa mengi yanabisha hodi kwa mlango mmoja. Binti akisema anaumwa chini ya kitovu upande wa kulia, inaweza kuwa kidole tumbo, mimba iliyotunga nje ya kizazi, uvimbe wa kwenye kifuko cha mayai uliojisokota, jiwe linaloshuka kutoka kwenye figo, au maambukizi tu ya njia ya mkojo. Hilo la mwisho linatibika kwa vidonge. Mimba ya nje ikipasuka, binti anavujia damu ndani na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Daktari akibonyeza tumbo kwa mkono anapata nusu ya habari. Nusu nyingine ipo kwenye picha na maabara.

Na picha zenyewe si moja. Ultrasaundi inatumia sauti ambayo sikio halisikii, haina mionzi, na ndiyo ya kwanza kwa mjamzito, kwa mtoto, kwa kizazi, kwa mawe ya kwenye nyongo. Eksirei ya kawaida bado ina kazi yake: utumbo ukitoboka, hewa hupanda na kukaa chini ya kiwambo, na mtu akipigwa picha amesimama inaonekana. CT skani inakata mwili vipande vipande kwa picha, ni nzuri mno kwa mtu aliyepata ajali ya bodaboda na ini au bandama imepasuka, au kwa jipu lililojificha katikati ya utumbo. Lakini CT ina mionzi. CT moja ya tumbo inakupa kiasi kinachokaribia kile ambacho mwanadamu anakipata kwa asili, kutoka ardhini na angani, kwa miaka kama 3. Kwa mgonjwa anayeihitaji hiyo si hoja. Kwa kijana mwenye gesi aliyeandikiwa ili tu mashine irudishe hela, ni hoja.

MRI inatumia sumaku, nayo ndiyo mfalme wa nyonga: shingo ya kizazi, tezi dume, njia ya haja kubwa. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, lilibadilisha namna ya kupanga hatua za saratani ya shingo ya kizazi na kuruhusu picha zihesabiwe. Hapo kale hatua ilipangwa zaidi kwa daktari kupima kwa mkono na macho. Hii si habari ya Ulaya tu, jamani. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu Tanzania. Hatua ikikosewa, mama anapasuliwa wakati alitakiwa kwenda kwenye mionzi, au anazungushwa wakati upasuaji ungemponya.

Haya, sasa msomaji. Kuna kitu watu wengi hawakijui. Picha ya CT au MRI ikishapigwa inaweza kutumwa kwenye mtandao na daktari bingwa akaisoma akiwa mji mwingine. Ultrasaundi haiko hivyo. Pale anayeshika kile kifaa na kukitembeza tumboni ndiye anayesoma. Asipopitisha mahali pagonjwa, hakuna picha ya kumtumia mtu yeyote. Mkono wake ni nusu ya kipimo. Na ultrasaundi ndiyo iliyojaa mitaani, kwenye vichochoro, juu ya duka la dawa, kwenye kibanda chenye bango la "vipimo vyote hapa".

Binamu yangu, dereva wa boda, alianza kuumwa tumbo Jumatatu. Kituo cha kwanza walimpiga ultrasaundi, akapewa karatasi imeandikwa viungo vyote viko sawa, ana gesi. Cha pili wakaandika maambukizi ya mkojo. Karatasi zote mbili hazikuwa na jina la aliyepima wala sahihi. Jumamosi homa imempanda, tumbo gumu kama ubao, ndo akapelekwa hospitali yenye CT. Kidole tumbo kilishapasuka na usaha umejikusanya pembeni. Bahati yake siku ile alikuwepo mtu wa kusoma na mtu wa kutibu. Wakapitisha sindano kwa kuongozwa na picha, wakaweka mpira, usaha ukatoka bila kumfungua tumbo zima. Anaendesha boda mpaka leo. Lakini jiulize, pesa za vile vipimo viwili alinunua nini? Alinunua siku tano za kuchelewa.

Ndo maana nasema mashine ni robo ya kazi. Inahitaji mtu wa kupiga picha vizuri, daktari wa kuisoma, fundi wa kuitunza, na chumba cha pembeni ambapo jibu linageuka kuwa tiba. Ukikosa mmoja, mnyororo umekatika.

Fundi tunamsahau kuliko wote. Mnakumbuka Novemba 2015? Rais Magufuli ana siku chache tu Ikulu, akaibuka Muhimbili bila taarifa, akakuta MRI na CT hazifanyi kazi, na wagonjwa wengine wamelala chini. Bodi ikavunjwa, na mashine zikatengenezwa haraka. Tulishangilia sana. Ila somo lenyewe lilikuwa baridi zaidi ya ule ushujaa: hospitali kubwa kuliko zote nchini ilikuwa na mashine, na bado mgonjwa alikuwa hapati picha. Mashine ya aina hii inataka umeme usioyumba, ubaridi, vipuri, na mkataba wa matengenezo unaolipwa kila mwaka. Ile bomba inayotoa mionzi ndani ya CT huchakaa kama tairi, na bei yake si ya kuchangishana kwenye kikao cha bodi. Rais hawezi kwenda kila mkoa kushtukiza bomba.

Majirani zetu Kenya wameshalipia somo hili, tena kwa bei kubwa. Mwaka 2015 serikali yao ilianzisha mpango wa kukodi vifaa tiba kwa miaka 7 kwa hospitali 98, vikiwemo vya picha. Mwanzoni ulitajwa kuwa wa shilingi bilioni 38 za Kenya. Kila kaunti ikawa inakatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye makato yakapanda hadi milioni 200. Maseneta walipoanza kuchunguza mwaka 2019, yakatoka mambo: kuna hospitali zilipokea vifaa wakati hazina umeme wa kutosha, nyingine hazina wataalamu, vingine vimekaa kwenye maboksi huku kodi inalipwa. Kaunti zililipia mashine zilizolala. Mgonjwa wa kule aliendelea kupanda matatu kwenda Nairobi kama zamani.

Lakini Kenya hiyo hiyo ina hadithi nyingine, na hii naipenda zaidi. Turkana kuna ugonjwa unaotokana na mnyoo wa mbwa, unaotengeneza mifuko ya maji ndani ya ini na viungo vingine. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana duniani. Miaka ya 1980 wataalamu wa AMREF walibeba mashine ndogo za ultrasaundi wakazifuata familia za wafugaji huko huko malishoni. Mashine ya kubebeka, jenereta, mtu anayejua anachotafuta, na daktari wa upasuaji aliye tayari kupokea wagonjwa. Baadaye kukawa na njia ya kutibu baadhi ya mifuko hiyo kwa sindano: unaongozwa na picha, unavuta maji, unaingiza dawa ya kuua mnyoo, unavuta tena. Mashine yao ilikuwa duni ukilinganisha na hizi za leo. Kilichowabeba ni kwamba mnyororo ulikuwa mzima.

Na hapa kwetu pia tumeonja. Oktoba 2018 Muhimbili ilianza kufundisha tiba inayoongozwa na picha. Walimu kutoka Marekani walikuja kwa zamu, daktari, muuguzi na mteknolojia wa mionzi kwa pamoja, na mwaka 2019 MUHAS wakaanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Hapo ndipo mtu ambaye nyongo imeziba, macho yamegeuka manjano, au figo imeziba kwa sababu ya saratani ya shingo ya kizazi, anaweza kuwekewa mpira kupitia tundu dogo ubavuni. Angalieni walichofanya: hawakuleta kontena la mashine na kuondoka. Walifundisha timu, wakarudi, wakafundisha tena.

Najua kuna mdau ataandika hapo chini, "mkuu, sasa hivi kompyuta inasoma picha yenyewe, haya unayosema yamepitwa." Sawa, programu za kusaidia kusoma zipo na zinaboreka. Zitasaidia kwenye CT. Lakini programu haiwezi kusukuma kile kifaa chini ya mbavu za mama mnene, haiulizi "mara ya mwisho uliona siku zako lini?", na haiwezi kutoa usaha. Mwingine atasema bima itamaliza yote. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na mimi naiunga mkono. Ila bima ikilipa kila picha bila kuuliza nani kaisoma, tutakuwa tumewapa wale wenye vibanda mgodi wa dhahabu, na mfuko utakauka.

Kwa hiyo mi napendekeza hivi. Siku nyingine utepe ukikatwa, waandishi waulize maswali manne. Nani anasoma, na usiku na Jumapili je? Mkataba wa matengenezo ni wa miaka mingapi na nani analipa? Umeme ukikatika inakuwaje? Mgonjwa akikutwa na jipu, jiwe au mimba ya nje, anatibiwa hapo hapo au anapewa rufaa na bahasha? Mkuu wa hospitali akijibu yote manne, mi mwenyewe nitapiga vigelegele.

Na wewe msomaji, unapokwenda kupimwa, dai karatasi yenye jina na sahihi ya aliyepima. Binti ukiwa na hata wasiwasi wa mimba, sema kabla ya eksirei au CT. Picha zako omba uzichukue kwenye CD, usirudie kipimo kwa sababu tu umebadilisha hospitali. Na maumivu yakizidi baada ya kuambiwa uko sawa, amini tumbo lako kuliko karatasi, rudi hospitali.

La mwisho ni kwa mliomaliza kidato cha sita au cha nne na mnazunguka na bahasha. Hizi mashine zinatafuta watu. MUHAS na CUHAS kule Mwanza wanafundisha wataalamu wa picha, DIT wanafundisha mafundi wa vifaa tiba. Badala ya kugombania kozi ambazo kila mtu anasoma, hebu kaulizieni sifa zao, ukiwa hapo hapo kafe.

Uwanja ni wenu wadau. Mkoani kwako CT ipo? Inafanya kazi? Majibu yanachukua siku ngapi? Andikeni mlichokiona wenyewe, siyo cha kusikia. Naomba kuwasilisha.