Si Kila Maumivu ya Taya ni Jino

Juma hili tuzungumze habari za ufizi na maumivu ya uso, maana nimeona jinsi jambo hili linavyomtesa mtu.

Mama mmoja wa kijiji cha jirani alifika ofisini kwangu nimwandikie barua. Alikuwa amejifunga kanga shavuni, akiogopa hata upepo. Ufizi wake ulitoka damu, basi aling'olewa jino. Maumivu hayakwisha. Aking'olewa la pili, kisha la tatu, bado.

Sikilizeni vizuri. Kila upande wa uso upo mshipa mkubwa wa fahamu wenye matawi matatu: la kwanza huenda kwenye jicho na paji, la pili shavuni na meno ya juu, la tatu kwenye taya na meno ya chini. Ufizi ukiugua, habari hupita mshipa huo hadi ubongoni. Mshipa wenyewe ukiugua, mtu hudhani ni jino. Njia ni moja, ndiyo maana wengi hudanganyika, waganga nao wamo.

Lakini dalili hazifanani. Ufizi mbovu mwanzoni huenda usiume kabisa: hutoa damu, kinywa hunuka, meno hulegea, na likifanyika jipu ndipo hupwita mchana na usiku. Maumivu ya mshipa huja ghafula kama umeme, karibu kila mara upande mmoja, kwa sekunde chache au dakika moja mbili, kisha huondoka. Huamshwa na jambo dogo tu, kama kunawa uso au kutafuna. Huwapata hasa waliopita miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Daktari John Fothergill wa London aliyaeleza mwaka 1773. Mara nyingi ni mshipa wa damu unaougandamiza ule wa fahamu karibu na ubongo. Hapo kung'oa jino hakufai kitu.

Tena, mwenye maumivu haya huogopa kupiga mswaki, na ufizi huzidi kuoza. Basi magonjwa mawili hukutana kinywani pamoja, na la ufizi, kwa kuwa linaonekana, ndilo linalolaumiwa.

Dawa ipo, huitwa kabamazepini, ile ile wanayopewa wenye kifafa. Mama yule alitaka kuikataa, asije akaitwa mwenye kifafa! Nilimweleza kwamba dawa moja yaweza kutibu magonjwa mawili. Ila msiiombe kwa jirani: kipimo chake hutolewa na daktari, haiachwi ghafula, na vipele vikitokea mwilini rudini hospitali siku ile ile. Nanyi mnaokwenda kung'olewa, ulizeni kwanza kama jino hilo kweli ni bovu.

Jumamosi iliyopita mama alipita hapa bila kanga shavuni, anatafuna muhindi wa kuchoma. Alitafunia upande wa kushoto, maana wa kulia hauna tena meno ya kutafunia.