Mbinga na Nyasa: Hela ya mara moja kwa mwaka, sufuria ya kila siku

Mkulima wa kahawa wa Mbinga si maskini kwa miezi yote kumi na miwili. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulielewa kabla ya kumhubiria mtu yeyote wa milima ya Umatengo habari za kuweka akiba. Kati ya Juni na Oktoba, kahawa ikichumwa, ikamenywa, ikakaushwa na kupelekwa kwenye chama cha msingi, kaya nyingi hupata fedha ambazo mwajiriwa wa mjini angezionea wivu. Tatizo ni kwamba hela hiyo inaingia kwa mkupuo mmoja, wakati chumvi, sabuni, mafuta ya kupima na daftari la mtoto vinadaiwa kila wiki. Ikifika Januari, hela imekwisha, mahindi bado mabichi shambani, na shule zimefunguliwa.

Serikali iliondoa ada katika shule za sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka wa fedha 2022/23 ikaondoa pia ya kidato cha tano na cha sita. Huo ni unafuu mkubwa, hasa kwa wilaya yenye watoto wengi kama Mbinga. Lakini ada haikuwa mzigo pekee. Sare, viatu, madaftari, nauli, godoro la bweni na michango ya chakula vimebaki kwa mzazi, na vyote hudaiwa katika mwezi ule ule ambao mfuko ni mtupu.

Hapo ndipo magoma yanapoingia. Kwa msomaji asiye wa Mbinga: magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Mwenye hela anakupa fedha Januari au Februari, nawe unaahidi kumpa kahawa msimu ukifika, kwa bei mliyokubaliana siku hiyo ya shida. Kagera wanaiita butura. Viongozi wa wilaya na mkoa wameipiga marufuku mara nyingi, na tangu mwaka 2018 serikali ilipoelekeza kahawa yote ipitie vyama vya ushirika, mnunuzi wa magoma ni mtu anayefanya biashara kinyume cha utaratibu. Bado yupo.

Tupige hesabu kwa mfano tu. Mama anachukua shilingi 100,000 mwezi Februari na kuahidi kahawa ambayo Julai itathaminiwa shilingi 200,000. Kwa miezi mitano amelipa riba ya shilingi 100,000 bila neno riba kutajwa. Angekopa kiasi hicho kwenye kikundi kinachotoza asilimia 5 kwa mwezi, angelipa riba ya shilingi 25,000 kwa muda ule ule, na sehemu ya riba hiyo ingemrudia mwenyewe siku ya kugawana faida. Hasara ya magoma inakuwa kubwa zaidi bei ya kahawa inapopanda. Februari 2025 kahawa ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la dunia, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Aliyekuwa ameshaahidi kahawa yake kwa bei ya mwaka uliotangulia aliisikia habari hiyo redioni kama habari za watu wengine.

Kwa nini basi watu hawaachi? Mara nyingi jibu linalotolewa kwenye mikutano ni kwamba wakulima hawana elimu ya fedha. Mimi silikubali jibu hilo. Mtu anayeingia magoma anajua kabisa kwamba anapunjwa. Anachonunua ni haraka na usiri. Mtoto anaumwa usiku, mwenye magoma anatoa hela usiku huo huo, haombi barua ya mtendaji wala wadhamini watatu. Chama cha ushirika nacho kina polepole yake: kahawa inapelekwa, inasubiri kukobolewa, inasubiri mnada, kisha malipo yanapita benki. Kila wiki malipo yanapochelewa, mwenye magoma anaongeza wateja.

Ushirika wenyewe una kumbukumbu chungu katika milima hii. Chama cha Ngoni-Matengo kilianzishwa mwaka 1936, miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa nchini. Vyama vikuu vikafutwa 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU. Wazee bado wanakisimulia: kilikuwa kikimpa mkulima mbolea na dawa kwa mkopo, naye akilipa kwa kahawa. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, chama kilizama katika madeni, na mkulima akabaki na miti isiyo na dawa. Mtu aliyeliona hilo kwa macho yake haweki imani yote katika chombo kimoja. Ana nguruwe bandani, ana maharage kwenye gunia, ana hisa mbili kwenye kikundi cha mke wake.

Nguruwe ni benki halisi hapa. Analishwa pumba na mabaki, anakua haraka, anauzwa siku ya shida. Ila benki hii inaweza kufa kwa siku tatu: homa ya nguruwe ya Afrika haina chanjo ya kutegemewa wala tiba, na ikiingia kijijini akiba ya mwaka mzima inazikwa shimoni. Ndiyo maana kaya yenye busara haimwachii nguruwe kila kitu.

Sasa shuka mlima. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni takriban kilomita 67, na tangu lami ilipokamilika safari iliyokuwa ya kubahatisha wakati wa masika imekuwa ya saa chache tu. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, inaishi kwa saa nyingine kabisa. Huku hela inakuja kidogo kidogo, karibu kila siku, kisha inakatika ghafla. Usipa, yaani dagaa wa Nyasa, huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, na wavuvi wanakaa ufukweni. Upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Mei na Agosti, mitumbwi haitoki. Kwa hiyo ukata wa Liuli au Lituhi unahesabika kwa usiku, si kwa miezi. Kinachowaokoa watu ni muhogo. Unaweza kukaa ardhini mwaka na zaidi bila kuharibika, nao unachimbwa pale tu sufuria inapodai. Ni ghala lisilohitaji kufuli wala dawa ya wadudu.

Tofauti hii ya mlima na ziwa inaeleza jambo ambalo wahamasishaji wa vikundi huwa hawalitaji. VICOBA, kwa muundo wake, ni chombo cha mtu mwenye hela ya kila wiki. Wanachama kama 25 au 30, katika vikundi vidogo vya watano watano, wanakutana siku moja ya wiki, kila mmoja ananunua hisa, na fedha zinawekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Mfano huu ulizaliwa Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, ukaingia kwetu ukapata jina la Kiswahili. Kwa mama anayeuza usipa, maandazi au mboga, hisa ya wiki inawezekana. Kwa mkulima wa kahawa, hisa ya Machi ni mateso. Wengi hukopa ili wanunue hisa, jambo ambalo ukilitazama vizuri ni kichekesho.

Kuna na suala la kalenda. Vikundi vingi hugawana Desemba. Uamuzi huo si wa anasa kama wengine wanavyodhani: Desemba ndiyo Noeli, kweli, lakini pia ndiyo mbolea ya kupandia mahindi, hata kama tangu msimu wa 2022/23 ipo ya ruzuku, na ndiyo sare ya Januari. Shida ni kwamba sanduku likigawanywa Desemba, Februari liko karibu tupu. Na kwa kuwa kanuni ya kawaida ni kukopa hadi mara tatu ya hisa zako, mwanachama mwenye hisa za shilingi 15,000 alizonunua tangu mzunguko uanze hawezi kupata zaidi ya 45,000. Kikundi kinakuwa dhaifu katika miezi ambayo wanachama wanakihitaji zaidi, na mwenye magoma analijua hilo kuliko mwenyekiti wa kikundi.

Dawa inayoelekea kufaa ni rahisi kuisema na ngumu kuipitisha kikaoni: mgao wa Desemba usimalize sanduku. Theluthi moja ibaki kwa ajili ya mikopo ya Januari hadi Aprili, na wanachama wenye kahawa waruhusiwe kununua hisa nyingi kwa mkupuo Agosti na Septemba badala ya kulazimishwa kiwango sawa kila wiki. Pingamizi litakuja, na lina haki yake. Mwenye hisa nyingi atapata sauti kubwa. Sanduku lenye fedha nyingi muda mrefu ni kishawishi kwa wezi, wa ndani na wa nje. Kwa hilo la pili, huduma za kuweka fedha za kikundi kwenye simu, kama M-Koba iliyoanza mwaka 2019, zimesaidia, kwa kuwa kila mwanachama anauona muamala. Kijijini kusikoshika mtandao, sanduku litabaki sanduku.

Jambo zito zaidi ni kwamba wanachama wote wakiwa wakulima wa kahawa wa mtaa mmoja, wote wanaishiwa wiki moja na wote wanataka kukopa wiki moja. Kusaidiana hakuzai fedha mahali ambapo kila mtu hana. Kikundi kinapata nguvu kinapochanganya mwalimu wa mshahara, muuza usipa anayepanda na magunia yake kutoka ziwani, fundi cherehani na mkulima. Lami ya Mbamba Bay imefungua mlango huo kwa namna isiyosemwa sana: usipa unapanda, mahindi na maharage yanashuka, na majira ya ukata ya pande hizi mbili hayaangukii siku moja.

Wamatengo hawakuanza kusaidiana na VICOBA. Kilimo cha ngoro, zile mashimo yanayoonekana kama sega la nyuki kwenye miteremko mikali, kisingewezekana kwa mikono ya mtu mmoja: nyasi zinafyekwa na kupangwa miraba, kisha udongo unachimbwa katikati na kuzifunika, kazi ambayo kwa desturi wanaume huianza na wanawake huimaliza. Kulimiana kwa zamu, ngokela, ndiko kulikoipa kaya yenye watu wachache shamba la kutosha. Na kulikuwa na sengu, mahali ambapo ukoo ulikula pamoja na wazee wakasikiliza nani ana chakula na nani hana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipofanya kazi na wanakijiji wa Kindimba, waliikuta sengu bado ina heshima, na kamati iliyosimamia mashine ya kusaga ya maji ikajengwa juu ya wazo hilo.

Sengu ilikuwa na kitu ambacho vikundi vya leo havina: mahitaji ya ukoo yalisikilizwa mahali pamoja. Leo, kwa kawaida, uanachama wa chama cha kahawa uko kwa jina la baba na malipo yanaingia katika akaunti yake, huku mama akibeba hisa za VICOBA na deni lake. Bajeti mbili katika nyumba moja, na zinakutana siku mambo yameharibika. Akina mama wanaokopa kwa siri ili kulisha nyumba ndio wanaonaswa haraka zaidi na mikopo ya kausha damu, ile ya marejesho ya kila siku ambayo mkopeshaji anakuja kubeba sufuria na godoro. Chama cha msingi kinachomruhusu mke kusajiliwa pamoja na mume na kupokea sehemu ya malipo kinaokoa fedha nyingi kuliko semina kumi za ujasiriamali.

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya dosari nyingi kubainika, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 nayo inavitaka vikundi visajiliwe, na bila usajili mlango huo haufunguki. Wanachama wanaolalamika kwamba usajili ni usumbufu wafikirie siku mhazini atakapohama na daftari: kikundi kisichosajiliwa hakina pa kushtakia.

Kwa kikundi cha Mbinga au Nyasa kinachojaza fomu hizo, swali la kumuuliza ofisa maendeleo ya jamii si kiasi gani tu tutapewa. Ni lini fedha zitatoka, na rejesho la kwanza litaangukia mwezi gani. Mkopo unaotoka Novemba na kuanza kudaiwa Januari utalipwa kwa magoma.