Kipimo cha Moyo Kifike Ringwani

Mfugaji wa hapa Ringwani, wilayani Serengeti, achinjaye fahali ajua kwamba nyama hukakamaa kwanza, kisha ikikaa siku chache penye baridi hulainika yenyewe. Wala si kuoza kunakoilainisha, bali ni vimeng'enya viitwavyo kalpaini, ambavyo huamshwa na kalsiamu na kukata protini zilizoushikamanisha msuli. Vimeng'enya hivyo hivyo vimo katika moyo wa mwanadamu aliye hai, na humo si adui, kwani pamoja na wenzi wao huvunja kila siku protini zilizochakaa ili mpya zishike mahali pake.

Lakini mshipa uulishao moyo ukizibwa na damu iliyoganda, yaani shtuko la moyo, hali hugeuka: sehemu iliyonyimwa damu huishiwa nguvu, kalsiamu hufurika ndani ya seli, na kalpaini huanza kukata hata protini zilizo salama, troponini ikiwa miongoni mwao. Seli huanza kufa baada ya nusu saa hivi, na maangamizo huendelea kwa saa kadhaa. Nao moyo, kinyume cha ini, hauwezi kuotesha upya msuli uliopotea.

Troponini ile ile, ikivujia katika damu, humfaa tabibu kuwa shahidi, maana saa chache tangu maumivu yaanze, damu kidogo tu yatosha kuibaini. Ilhali watafiti wa Moshi wamekwisha kuonyesha kwamba shtuko la moyo si nadra kama ilivyodhaniwa, na kwamba wagonjwa wengi hurudishwa makwao wakiwa na jina la maradhi mengine. Mzee aliyebanwa kifua akitoka jasho jembamba, akaambiwa ni vidonda vya tumbo, amedhulumiwa, hata kama aliyemwambia hakukusudia.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ni fahari ya taifa. Illa iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huku, na kalpaini hazingoji basi la alfajiri. Naiomba kwa dhati Halmashauri ya Serengeti itenge fedha ili kila kituo cha afya kiwe na kipimo cha troponini na mashine ya kupima umeme wa moyo, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda isikosekane hospitalini Mugumu, na mganga wa zahanati afundishwe kumtafunisha aspirini mgonjwa asiyekatazwa dawa hiyo, kisha aite gari saa ile ile, usiku au mchana.