Kikuza Sauti Chenye Taa

Ndugu wasomaji, mmoja wenu ameachiwa kikuza sauti cha McIntosh MC275, naye aniuliza akifungeje. Basi na tusikilizane. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1961 mjini Binghamton, Marekani. Ina wati 75 kila upande. Si za kusumbulia majirani! Ukiongeza wati mara mbili, sikio lasikia sauti imezidi kidogo tu. Hizo ni akiba, ili ngoma ikilia ghafula sauti isikwaruze.

Funga kwanza nyaya za vipaza sauti, ndipo uwashe. Ukiwasha bila hivyo chombo chaweza kuungua. Kipaza sauti kikiandikwa omu 8, funga waya penye 8. Mimi siku moja nilibahatisha, nikaona haya mbele ya mwenye nyumba.

Zile taa za kioo huwa moto kama jiko; watoto wasizifikie. Wala usifungue chini yake, hata ukiisha chomoa waya: umeme mkali hubaki ndani, nao waweza kuua.

Zingoje taa zipate moto, halafu weka santuri ya kwaya. Utasikia hata waimbaji wakivuta pumzi.