Sanders Hakumwibia Mtu Kitu

Muhula uliopita ubishi mkali ulizuka bwenini kwetu. Wenzangu walikuwa wametazama filamu kuhusu Barry Sanders, yule nyota wa kandanda ya Kimarekani, na karibu wote wakamwita msaliti. Jamaa mmoja (simtaji kwa sababu namdai sukari) alisema eti mtu anayeikaribia rekodi kisha akaipa kisogo ana kasoro kichwani. Usiku ule nilikuwa upande wa wachache, na hadi leo sijahama.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, ni kama binamu wa raga, ila wachezaji huvaa kofia ngumu na kujazia mabega. Yupo mchezaji ambaye kazi yake ni kupokea mpira na kukimbia nao katikati ya majitu ya kilo mia na zaidi, yote yakitaka kumlaza chini. Kila yadi anayosonga mbele huandikwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Sanders katika timu ya Detroit Lions tangu 1989 hadi msimu wa 1998.

Hakuwa mrefu, sentimita 173 tu. Lakini miguu, wacha! Ungemwona amezingirwa na watu wanne, ukadhani amekwisha, kumbe ameshageuka na kuwaacha wakikumbatiana wenyewe. Akishafunga, hachezi ngoma wala hajipigi kifua. Anampa refa mpira na kurudi kwa wenzake, kama mwanafunzi anayempelekea mwalimu daftari.

Sasa sikilizeni kisa ambacho wabishi wangu hawakitaji. Mwaka 1989, msimu wake wa kwanza, mchuano wa mwisho ulikuwa unaelekea ukingoni na Lions walikuwa mbele. Sanders alikuwa amebakiza yadi 10 pekee amfikie aliyeongoza ligi nzima kwa kukimbia. Na huyo aliyeongoza alikuwa Mwafrika mwenzetu, Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu, Nigeria, aliyekwenda Marekani kurusha kisahani akaishia kucheza kandanda. Kocha alimuuliza Sanders kama angependa kurudi uwanjani aitwae nafasi ya kwanza. Alikataa. Mechi imeshashinda, arudi kutafuta nini? Okoye akamaliza na yadi 1,480, Sanders 1,470. Kila mtu alimsifu kijana yule kwa unyenyekevu.

Miaka kumi baadaye alifanya jambo lile lile, wakamtukana.

Mwaka 1997 alikimbia yadi 2,053 katika msimu mmoja, mtu wa tatu tu kupita 2,000 baada ya O. J. Simpson na Eric Dickerson. Mwisho wa msimu wa 1998 jumla yake ilikuwa yadi 15,269. Ukizipima ni karibu kilomita 14, na katika kila hatua kuna mtu anayetaka kumvunja. Rekodi ya Walter Payton ilikuwa 16,726. Tofauti ni yadi 1,457. Gawanya jumla yake kwa misimu kumi uone: huo ni msimu mmoja tu! Basi tarehe 27 Julai 1999, akiwa na umri wa miaka 31 na bila jeraha lolote la kumzuia, alituma ujumbe kwa faksi kwenye gazeti la mji wake wa Wichita, Kansas, kwamba ameacha kucheza.

Wabishi huuliza, mbona asivumilie mwaka mmoja? Nami nawauliza: avumilie kwa ajili ya nani? Katika misimu yake yote kumi, Lions walishinda mechi moja tu ya mtoano, dhidi ya Dallas Cowboys, Januari 1992. Msimu wake wa mwisho walishinda mechi 5 na kupoteza 11. Baadaye alieleza katika kitabu chake kwamba kushindwa huko, na jinsi timu ilivyoendeshwa, kulimkatisha tamaa. Tena alikuwa ameona kwa macho yake bei ya mchezo ule: mwaka 1991 mwenzake Mike Utley alivunjika shingo uwanjani akapooza. Mtu aliyekataa yadi 10 kwa sababu hazikuongeza ushindi, kwa nini atamani yadi 1,457 zisizoongeza ushindi?

Nakiri sina moyo wa baridi katika jambo hili. Nilipokuwa kidato cha pili niliacha timu ya raga katikati ya msimu, nikaitwa mwoga mpaka mezani. Hakuna aliyeniuliza sababu. Mwili ulikuwa wangu lakini kila mtu alikuwa na hisa ndani yake.

Hata hivyo, sitamtetea kwa kila kitu. Faksi ile ilikuja wakati wenzake wanajiandaa kwa mazoezi ya msimu mpya. Kocha na wachezaji walistahili kuambiwa mapema, tena ana kwa ana. Na kuhusu fedha, timu ilimdai sehemu ya bonasi ya dola milioni 11 aliyopewa mwaka 1997, na mwaka 2000 msuluhishi akaamua kwamba sehemu irudishwe. Hapo naona haki ilitendeka. Deni la pesa ni deni. Lakini rekodi haikuwa kwenye mkataba wowote.

Rekodi yenyewe ilichukuliwa na Emmitt Smith mwaka 2002, naye akaifikisha yadi 18,355 kwa misimu 15. Mwaka 2023 Lions haohao waliomdai walisimamisha sanamu yake nje ya uwanja wao wa Ford Field.

Wenzangu mnaobisha, kitanda changu ni kile cha dirishani. Njooni na hesabu zenu. Na yule mdaiwa aje na sukari yangu.