Waacheni wanafunzi wafute

Najua nimepotea, lakini TP haina huruma: andalio la somo usiku, darasa asubuhi. Sasa nimerudi chuo, na leo nina hoja.

Juzi nilimkuta fundi wa maabara anafungua kompyuta moja ya kizamani. Chipu mojawapo ilikuwa na kibandiko mgongoni. Akakibandua, chini yake nikaona kidirisha cha kioo. "Hii EPROM. Ukiianika juani wiki moja inasahau kila kitu." Nikadhani ananizuga. Nikaenda kusoma, kumbe kweli!

Zamani, programu ya kukaa ndani ya chipu hata umeme ukizimwa iliwekwa kiwandani kabisa, au ilichomwa mara moja tu. Ukikosea kidogo, chipu ya kutupa. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel akaleta EPROM ya kwanza, 1702. Ilibeba baiti 256 tu, hata aya hii haiingii. Ndani yake elektroni zinasukumwa kwa umeme mkali hadi kwenye kisehemu kilichozungukwa pande zote na kitu kisichopitisha umeme, zinanasa humo miaka na miaka. Ukitaka kufuta, unamulika taa ya urujuanimno kwenye kile kidirisha kama dakika 20, elektroni zinatoroka, unaandika upya. Kibandiko ni cha kuzuia mwanga usifute bila ruhusa. Wahandisi waliipenda sana, maana kosa la asubuhi lilirekebishwa mchana kwa chipu ileile.

Sasa hoja yangu. Kwenye TP niliwapa kidato cha pili jaribio la hesabu, nikatangaza: wino tu, na ukikatakata napunguza maksi. Nilijiona mwalimu kweli kweli. Binti mmoja, ambaye ubaoni alikuwa anaweza vizuri tu, akarudisha karatasi nyeupe. Kumuuliza, akajibu kwa sauti ya chini, "Niliogopa kukosea, mwalimu."

Jamani, nilimgeuza mtoto wa watu chipu ya kuchomwa mara moja!

Najua wapo watakaosema mtihani wa taifa haubembelezi, na mtoto akizoea kufuta atakuwa mzembe. Nakubali nusu. Hata EPROM haikuwa ya mchezo: huwezi kufuta neno moja, inafutika yote, na unasubiri. Hapo lazima ufikiri kabla ya kuandika. Lakini mtihani wa taifa ni siku chache, darasa ni miaka. Kama darasani hakuna ruhusa ya kukosea, akakosee wapi? Sisi wanaualimu tunapenda kalamu nyekundu kuliko tunavyopenda kuona mtoto amejaribu mara ya pili.

Halafu mnajua Frohman alifanya nini baadaye? Mwaka 1973 aliondoka Intel akaenda Kumasi, Ghana, kufundisha chuo kikuu. Mwenzetu wa chaki kabisa.

TP ijayo ile sheria yangu sirudi nayo. Ila sifuri ya yule binti nilishaijaza kwenye fomu ya shule, kwa wino, na muda wangu pale umekwisha. Inaniuma mpaka leo.

Haya, ngoja niwahi kimbweta kabla hakijajaa, UE zinabisha hodi. Walimu wenzangu, nyie mnaonaje?