MBOGA ZA KIPUPWE

Kwa miaka mingi Makorora imezoea kungoja lori la Lushoto. Kabichi, karoti na saladi zateremka milima ya Usambara, zapita Mombo, ndipo zifike sokoni kwetu. Udongo ukiporomoka katika kona za barabara ile ya mlimani wakati wa masika, bei hupanda na mama wa nyumbani hurudi na kikapu chepesi. Twauliza: je, sisi wa pwani hatuwezi kuotesha japo sehemu ya mboga hizo?

Watu husema pwani ni joto. Ni kweli, lakini si mwaka mzima. Juni mpaka Agosti, kusi ivumapo, usiku wa Tanga hupoa hata karibu na nyuzi 20. Kabichi hupenda baridi zaidi ya hiyo, hatukatai, lakini kwa mbegu iliyochaguliwa hufunga. Taabu ni kwamba muda huo ni mfupi. Mche hukaa kitaluni wiki nne au tano, kisha hutaka miezi mitatu hivi bustanini. Angojaye masika yaishe ndipo asie mbegu, atavuna Oktoba, joto limekwisha rudi. Basi hana budi kuanza kitalu mwezi wa Mei, na Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi!

Na mvua yenyewe siku hizi haina miadi. Vuli ya 2019 na ya 2023 zilimwaga maji kupita kiasi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Mwaka mwingine masika hukatika mapema. Asiaye mbegu zote siku moja ameiweka rehani fedha yake yote. Heri azigawe mafungu matatu, kila fungu siku kumi baada ya lililotangulia. Kitalu kiinuliwe shibiri moja na zaidi, kifunikwe nailoni ipitishayo mwanga mvua inaponyesha kwa nguvu, na ikianuka kifunuliwe. Mche usiopata upepo hushikwa na kinyausi, ukaoza shina pale pale udongoni. Asiye na uwanja atumie magunia na ndoo mbovu. Tena aanze na chainizi na sukuma wiki, ambazo huliwa majani bila kungoja kufunga.

Mbegu za kustahimili joto zipo. Kituo cha utafiti wa mboga kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971 kimezishughulikia kwa miaka mingi, nacho kina tawi Arusha. Habari za udongo zachunguzwa hapo Mlingano, Muheza. Elimu hiyo yapasa ifike Makorora, na Bwana Shamba aje kwa mazungumzo. Serikali ya Waingereza iliwaamuru watu wa Mlalo kuchimba matuta, kuanzia 1946, bila kuwasikiliza, na mpango ukakataliwa. Kina mama wanaolima mchicha mjini wajua maji hutuama wapi. Waulizwe wao kwanza.

Halmashauri ya Jiji nayo twaidai jambo moja. Kipupwe kina mvua chache, na mche uliookoka gharika ya Mei waweza kufa kwa kiu Julai. Viwanja vya bustani vitengwe, kila kimoja kiwe karibu na bomba, na wananchi waonyeshwe mipaka yake kabla Aprili haijaisha.